Tusiwakimbie mbwa wetu wanapozeeka

Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Methali hii twaifunza shuleni kila mwaka, na aghalabu wanafunzi huifafanua kwa mifano ya binadamu: mjane aliyenyang'anywa shamba, yatima aliyenyimwa urithi, kibarua asiyelipwa ujira wake. Ni nadra kumsikia mwanafunzi akiitaja kwa ajili ya mbwa. Hata hivyo, sijui kiumbe ambaye methali hii yamfaa zaidi ya mbwa mzee aliyejilaza nyuma ya banda, asiyeweza kutamka kuwa nyonga inamuuma, wala kuomba maji, wala kusema kuwa amechoka. Adhabu yake aijua mwenyewe. Sisi tulio nje ya kaburi hilo ndio tunaotakiwa kuamua.

Nimekuwa nikiyawaza haya tangu Julai 2023, wakati mbwa wa nyumbani kwetu Nyandarua, aliyeitwa Simba, alipokuwa na umri wa miaka 14. Aliletwa kwa mama yangu mwaka wa 2009 akiwa kitoto cha kubebwa kwa kapu. Kwa muda huo wote alilinda ng'ombe na kuku, akawasindikiza watoto hadi kwenye lango la shule na kurudi peke yake, na usiku mmoja alibweka mpaka wezi waliokuwa wamekwisha kufungua zizi wakatimua mbio na kuacha kamba yao papo hapo. Baridi ya Julai ile ilipoingia, miguu yake ya nyuma ilikataa kazi. Alijaribu kuinuka, akaanguka, akajaribu tena. Macho yalikuwa yametanda utando mweupe. Yeye aliyekuwa akimtambua mgeni kabla hajafika mtoni, sasa alimbwekea mama mwenyewe. Mwishowe alianza kujichafua pale pale alipolala, nami nikamwona kwa macho yangu akijikokota kuuepuka uchafu wake, akashindwa, kisha akaugeuza uso upande wa pili.

Tulikaa kikao. Ndugu yangu mdogo alishauri atiwe kwenye gunia, apelekwe soko la mbali na kuachwa huko ajitafutie. Jirani yetu mmoja alijitolea kummaliza kwa rungu kwa ujira mdogo. Mama alikataa yote mawili. "Mwacheni," alisema. "Amekula kwangu miaka yote hii, afie kwangu, Mungu atakapomwita." Nami, niliyetarajiwa kutoa shauri la maana kwa kuwa ndimi niliyesoma, nilisema kwamba tungoje tuone. Tulingoja majuma matatu. Ni majuma hayo yanayonifanya niandike leo, kwa sababu nilikuja kutambua kwamba kila mmoja wetu alikuwa akingoja mwenzake aamue, na gharama ya kungoja kwetu ilikuwa ikilipwa na Simba.

Naamini kikao kama hicho kimefanyika katika maboma mengi ya nchi hii. Kwa hivyo ni vyema tuyapime yale mashauri manne, moja baada ya jingine, kwa kuwa ndiyo tunayoyatumia takriban siku zote.

Shauri la kwanza ni la kumtupa. Lina sifa moja tu: huondoa mzigo machoni petu. Mbwa aliyezoea kulishwa mlangoni hajui kujitafutia jalalani, seuze aliyepofuka na kulemaa. Hufa kwa njaa, au huraruliwa na wenziwe, au hugongwa na gari. Asipokufa upesi, hujiunga na makundi ya mbwa koko ambao hakuna anayewachanja, na hapo hatari huturudia sisi wenyewe. Takriban visa 99 kati ya kila 100 vya kichaa cha mbwa miongoni mwa binadamu ulimwenguni hutokana na kuumwa na mbwa, na ndiyo sababu Kenya ilijiwekea mpango wa kuukomesha ugonjwa huo kati ya 2014 na 2030. Kila mbwa anayetupwa sokoni huupinga mpango huo kimyakimya. Isitoshe, Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayoharamisha kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Anayemtupa mbwa asiyejiweza asidhani kwamba amefanya jambo la faragha kati yake na gunia lake.

Shauri la pili ni la rungu, panga au sumu. Wanaolitetea husema kuwa ni la haraka. Nani aliyesema kuwa rungu ni la haraka? Pigo la kwanza aghalabu hukosa, na mbwa huyo hulia akimtazama mtu aliyemlisha. Ama sumu, hiyo ni mbaya zaidi. Striknini, ambayo zamani ilitumiwa na baadhi ya halmashauri za miji kuwaulia mbwa wa kuzurura, hukakamaza misuli ya mnyama na kumtia mitetemeko mikali ilhali fahamu zake zingali timamu. Fauka ya hayo, nyama iliyotiwa sumu haichagui mlaji. Itamuua mbwa mzee, paka wa jirani, kuku, tai, na ikikosea njia itamwangamiza hata mtoto.

Shauri la tatu, lile la mama yangu, ndilo lenye heshima kuliko yote, na kwa hivyo ndilo gumu zaidi kulijibu. Linatokana na shukrani. Linakataa kumlipa mwaminifu kwa pigo. Lakini tuliangalie kwa makini. Mbwa wengi hawafi usingizini kama tunavyopenda kuamini. Mwenye maradhi ya figo hutapika na kukonda kwa majuma mengi. Mwenye uvimbe wa saratani huoza ubavuni angali hai, na nzi hutaga mayai katika kidonda chake. Asiyeweza kuinuka hupata vidonda vya kulala. Kumwacha "afe mwenyewe" ni uamuzi kamili, wenye matokeo yake, ingawa anayeufanya hujiona kuwa hakuamua lolote.

Ama shauri la nne, langu, halistahili kuitwa shauri. Ni woga uliovaa kanzu ya busara.

Je, lipo shauri la tano? Lipo, nalo lina hatua zake. Hatua ya kwanza ni kukumbuka kuwa uzee si ugonjwa. Mbwa wa maumbile makubwa huanza kuzeeka akiwa na umri wa miaka 7 au 8, ilhali mdogo huweza kufikia 10 au 11 kabla ya dalili kujitokeza. Ile kanuni ya mitaani kwamba kila mwaka wa mbwa ni sawa na miaka 7 ya binadamu haina usahihi; mbwa hukua upesi sana katika miaka yake ya mwanzo, na baadaye kasi hiyo hutegemea ukubwa wa mwili wake. Mambo mengi tunayoyaita uzee huwa ni maradhi yenye tiba. Anayekataa chakula pengine ana jino bovu. Anayedhoofika pengine amejaa minyoo, au amepata homa ya kupe. Anayechechemea pengine ana baridi yabisi, ambayo haiponi, lakini maumivu yake hupunguzwa kwa dawa, kwa kumpunguzia unene, na kwa kumtandikia mahali pakavu penye joto. Aliyepofuka kwa mtoto wa jicho huweza kuishi vyema miaka kadhaa kwa kuongozwa na pua yake, almuradi tusimhamishe banda wala sahani yake. Wapo pia mbwa wazee wanaopatwa na usahaulifu kama wa wazee wetu: hutembea usiku kucha, husimama konani wasijue njia ya kutoka, huwasahau wenyeji. Hao wanahitaji subira, na mara nyingine dawa.

Kwa hivyo, kabla ya kuzungumza juu ya kifo, na aitwe daktari wa mifugo. Hapa sharti nitoe maonyo mawili. La kwanza ni kwa wale wanaotibu kwa kukisia. Dawa za binadamu za kutuliza maumivu si za mbwa. Ibuprofeni huweza kumletea vidonda vya tumbo na kuziharibu figo zake, na parasetamoli ikizidi huliangamiza ini. Nimewaona watu wema wakiwasagia mbwa wao tembe hizo katika uji, wakidhani wanawasaidia. Onyo la pili ni hili: mbwa anayebadilika tabia kwa ghafla, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza au akawa mkali bila sababu, asichukuliwe kuwa amezeeka tu. Huenda ana kichaa cha mbwa. Asiguswe, watoto wawekwe mbali, na maofisa wa mifugo wapashwe habari mara moja. Aliyekwisha kuumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha akimbilie hospitali apate chanjo siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili ni kuupima ubora wa siku zake. Watu wengi hujiuliza: "Ataishi muda gani zaidi?" Swali hilo haliwezi kujibiwa na yeyote, na hata lingejibiwa lisingetufaa, kwa sababu mbwa haishi kwa kalenda. Hana arusi ya mjukuu anayoingojea, wala deni analotaka kulilipa kabla hajafa. Anayo leo tu. Basi tuulize leo yake ikoje.

Mwaka wa 1979 baraza lililoshughulikia maslahi ya wanyama wa kufugwa huko Uingereza lilitaja mambo matano ambayo mnyama aliye chini ya binadamu anastahili kuepushwa nayo au kupewa: asiwe na njaa wala kiu, asilale pabaya, asiachwe na maumivu na maradhi, apewe nafasi ya kufuata maumbile yake, na asiishi kwa hofu. Baadaye, mwaka wa 2004, daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga kipimo kinachowafaa hasa wanyama wagonjwa na wazee. Kina vipengele saba: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na iwapo siku njema zimezidi siku mbaya. Kila kipengele hupewa alama kati ya 0 na 10, ambapo 10 ndiyo hali njema kabisa. Jumla ikizidi 35, mnyama angali na maisha yanayofaa kuendelezwa kwa uangalizi.

Sisi walimu tumezoea kusahihisha na kutoa alama, na twajua vyema kuwa alama si mwanafunzi. Hali kadhalika, alama 35 si mbwa. Lakini faida ya kipimo hiki ni kwamba humzuia mtu kujidanganya. Daktari wa mifugo alipofika kwetu hatimaye, alitutaka kila mmoja aandike alama zake bila kumwonyesha mwenzake. Ndugu yangu, aliyetaka Simba atupwe, alimpa 15. Mimi nilimpa 17. Mama, yule yule aliyesema aachwe, alimpa 19. Tulitazamana. Kumbe tulikuwa tumekubaliana siku nyingi, ila hatukuwa tumelisema.

Ni muhimu pia kuzijua dalili za maumivu, maana mbwa huyaficha. Halii kama mtoto. Huhema pasipo joto, hushindwa kutulia mahali pamoja, hulamba kiungo kimoja bila kukoma, hujitenga, hutetemeka, hukataa kuguswa mahali alipopenda kukunwa. Watu husema, "Mbona bado anatikisa mkia?" Naam, atautikisa mkia hata siku ya mwisho, kwa kuwa anakupenda. Mkia huo ni ushahidi wa mapenzi yake kwako; hauthibitishi kwamba haumwi.

Hatua ya tatu ndiyo iliyo nzito: ikiwa maradhi hayana tiba, au tiba ipo lakini haimo katika uwezo wa mwenye mbwa, na siku mbaya zimezizidi siku njema, basi naona ni wajibu kumfisha bila maumivu, kwa mkono wa daktari. Lisilobudi hutendwa. Najua kuna watakaonipinga, nami nitajaribu kuwajibu kwa haki.

Wa kwanza watasema: "Katika nchi ambayo watu hukosa dawa zahanatini, ni upuuzi kumpelekea mbwa daktari." Nawaelewa. Lakini sisemi kuwa mkulima auze ndama wake ili amfanyie mbwa upasuaji. Nasema kinyume chake. Mtu asiyeweza kumudu matibabu ya muda mrefu asione haya, wala asijitie katika madeni. Anachodaiwa ni kutomwacha mnyama katika mateso, na njia ya kuyakomesha mateso hayo ni rahisi kuliko miezi ya tiba. Zaidi ya hayo, jambo hili si la anasa hata machoni pa Katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kutunza maslahi yao, ikiwa ni pamoja na utoaji wa leseni za mbwa na kuandaa mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kuwazika! Waliotunga Katiba walilikumbuka hata hilo. Basi nazitaka kaunti zetu, zinapotuma maofisa vijijini kuwachanja mbwa dhidi ya kichaa, ziwape pia maofisa hao idhini na dawa za kuwahudumia mbwa waliofikia mwisho, kwa ada ambayo mama wa kijijini anaweza kuilipa. Bila hivyo, rungu la jirani litabaki kuwa daktari wa maskini.

Wa pili watasema: "Uhai ni wa Mungu, wewe ni nani hata uukatize?" Hili ni swali la heshima na nalijibu kwa heshima. Dini zetu zote mbili kubwa zinafunza huruma kwa mnyama. Kitabu cha Mithali kinamtambua mtu mwadilifu kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Waislamu nao, licha ya hukumu za twahara zinazohusu mate ya mbwa, wamepokea hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji ili kumnywesha mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, na kwa ajili hiyo akasamehewa dhambi zake. Mnyama aliyepewa mfano huo alikuwa mbwa, wala si farasi wala ngamia.

Kisha tujiulize kwa unyofu: ng'ombe akivunjika mguu malishoni, je, huachwa majuma matatu akingoja amri ya Mungu? La hasha. Huchinjwa kabla jua halijatua, wala hakuna anayesema kuwa tumeingilia kazi ya Muumba. Tofauti ni kwamba nyama ya ng'ombe ina bei, na ya mbwa haina mnunuzi. Basi mbwa huteseka muda mrefu kuliko ng'ombe kwa sababu hafai sokoni. Tukilivika jambo hilo vazi la uchaji Mungu, twamsingizia Mungu.

Hata hivyo nataka kuweka mpaka ulio wazi, hasa kwa ajili ya wanafunzi wanaonisoma. Hoja hii isipelekwe kwa binadamu. Mzee wetu ana kauli, ana wasia, ana imani, na ana watu wanaomhitaji hata akiwa kitandani. Jambo lake lina mizani yake na sheria zake. Nazungumzia mnyama asiyeweza kuulizwa, ambaye sisi tulijitwika dhamana yake tulipomtoa kwa mama yake na kumfunga kamba.

Wa tatu watasema kuwa haya ni mambo ya kigeni. Nao nawaalika waisikilize lugha yao wenyewe. Ni kweli kwamba katika Kiswahili neno mbwa limekuwa tusi. Lakini lugha hiyo hiyo yasema kuwa mbwa wa msasi mkali naye ni mkali, yaani mbwa huchukua sura ya mwenyewe. Ikiwa ushujaa wa mbwa ni sifa ya msasi, basi na kifo cha mbwa ni sifa au aibu ya msasi huyo huyo. Ama ukale wa uhusiano huu, hauna shaka. Mwaka wa 1914 huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, lilifukuliwa kaburi la miaka ipatayo 14,000 lenye mifupa ya mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga. Wataalamu walioyachunguza meno ya mbwa huyo waliona alama za ugonjwa mkali, wakakisia kuwa asingeweza kuishi majuma aliyoishi bila kuuguzwa na watu. Watu wa kale, wasiokuwa na ghala wala zahanati, walimuuguza mbwa asiyeweza kuwinda. Sisi je?

Lakini nisieleweke vibaya. Upo ubaya wa pili ulio kinyume cha kuchelewa, nao ni kuharakisha. Wapo wanaotaka mbwa afishwe kwa kuwa anakojoa sebuleni, au wanahamia nyumba ya kupanga isiyoruhusu mbwa, au wamepata mwingine wa mbegu ya kigeni. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbwa mzee mwenye hamu ya kula, anayejikongoja kulifuata jua asubuhi na kukuinulia masikio unapoingia, hajamaliza siku zake hata kama anatia kero. Kabla ya kuamua, mtu na ajiulize: "Ni nani aliyechoka, yeye au mimi?" Jibu likiwa ni mimi, basi lipo la kufanya kabla ya sindano: kuomba msaada, kumhamishia banda, kugawana zamu na watoto.

Wengi huogopa kwa kuwa hawajui linalotendeka siku hiyo, kwa hivyo nitalieleza bila kuficha. Daktari alifika Jumamosi asubuhi. Simba alikuwa amelazwa juu ya gunia chini ya mwerezi, mahali alipopenda. Mama alimletea maziwa ya vuguvugu, akalamba kidogo. Alidungwa kwanza sindano ya kumtuliza, akasinzia kichwa chake kikiwa juu ya mguu wa mama. Kisha daktari akautafuta mshipa wa mguu wa mbele na kumtia dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa kupita kile cha upasuaji. Fahamu hutoweka kwa nukta chache tu, halafu pumzi husita, na moyo nao hufuata. Haikutimia dakika tano. Macho hayakufumba, daktari alikuwa ametuonya kuwa hayafumbi, na kwamba pengine mwili ungeshusha pumzi moja baada ya uhai kutoka. Tulimzika kwenye shimo refu, kwa kuwa dawa hiyo hubaki mwilini, na mnyama au ndege atakayeufukua mzoga na kuula anaweza kufa naye.

Mwanangu, aliyekuwa na umri wa miaka 9, hakuwa ameambiwa lolote. Aliporudi kutoka kwa nyanya yake mwingine jioni hiyo na kuuona udongo mbichi, aliniuliza, "Baba, kwani Simba alitukosea nini?" Sijawahi kuulizwa swali lililonichoma hivyo. Nilijibu kuwa hakutukosea; kwamba alikuwa mgonjwa asiyepona, alikuwa akiumia, na daktari alimsaidia kufa bila kuumia zaidi. Alilia. Kisha aliuliza kwa nini hatukumngoja aage. Hapo sikuwa na jibu, wala sina hadi leo.

Kwa hivyo nawasihi wazazi na walimu: watoto waambiwe ukweli. Tusiseme kuwa mbwa "amesafiri," kwa maana watamngoja. Tusiseme kuwa "amelala," kwa maana wataogopa kulala. Tuseme kuwa amekufa, na tuwape nafasi ya kuaga na kushika jembe wakitaka. Darasani nako, tumewafunza watoto kwa miaka mingi kuandika insha inayoanza kwa kusema kuwa mbwa ni mnyama mwaminifu. Wote huandika jinsi anavyotulinda, anavyowinda, anavyochunga. Napendekeza tuwape nusu ya pili ya insha hiyo: sisi nasi tuna uaminifu gani kwake anapokuwa hawezi tena kulinda, kuwinda wala kuchunga? Na walioko shule za upili wajadiliane juu ya wajibu wa mwenye mnyama, kwa hoja za pande zote, pasipo kelele. Kijana aliyejifunza kuamua kwa haki juu ya kiumbe asiyeweza kujitetea amejifunza jambo kubwa la uraia.

Mwaka uliofuata mama alipata kitoto kingine cha mbwa, kikaletwa kwa kapu vile vile. Kabla hakijapewa jina, alinitaka niandike nambari ya simu ya daktari wa mifugo nyuma ya mlango wa jikoni, kwa wino usiofutika. Nilimwambia kuwa mbwa yule angali mchanga, ana miaka mingi mbele yake.

"Najua," alisema mama. "Andika tu. Safari hii tusingoje."